Nani Anaurusha Mkuki?

Mhadhara kwa walimu wa michezo na makocha wa riadha wa shule



Tarehe 26 Agosti 2015, mjini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kabla yake hakuna Mkenya aliyekuwa ametwaa dhahabu ya dunia katika kurusha wala kuruka; medali za nchi ile zilizoea kutoka kwenye mbio. Magazeti yaliipenda sana hadithi ya kijana wa Nandi aliyejifunza ufundi kwa kutazama video za Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norwei, hata akapachikwa jina la Mr YouTube. Ni hadithi nzuri na ya kweli, lakini si yangu leo. Mimi nawaombeni mkiitazama tena video ya Beijing mwanzie pale ambapo wengi huacha kutazama, yaani mkuki ukishamtoka mkononi. Kamera inaufuata mkuki hewani, na macho ya watu yanaifuata kamera. Yego, huku nyuma, anaanguka. Anajitupa mbele kifudifudi, viganja chini, nusura avuke mstari. Mwili wake wakati huo una kazi nzito ya kujizuia, na kazi hiyo ndiyo tusiyoifundisha mashuleni.

Nitakuwa na neno moja tu jioni hii, na mengine yote yatalizunguka. Misuli ya bega siyo inayotengeneza nguvu ya mrusho, au niseme inatengeneza sehemu ndogo kuliko tunavyodhani. Nguvu inatoka ardhini, inapita miguuni na kiunoni. Bega linaipokea, linaivutia nyuma, linaiachia, kisha linalazimika kuuzuia mkono wenyewe usiufuate mkuki. Sisi tunaifanyisha mazoezi misuli ya kuachia. Ile ya kuzuia tumeiacha ikae bure, halafu tunashangaa vijana wetu wanapofika umri wa miaka 17 wakiwa hawawezi kuinua mkono kuchana nywele.

Tuanze na mifupa, kwa ufupi. Mfupa wa mkono wa juu una kichwa cha mviringo, nacho kimekaa kwenye kibakuli kilichoko pembeni mwa kombe la bega. Kibakuli hicho ni kidogo na hakina kina. Nyonga ni tofauti kabisa: kule kichwa cha mfupa wa paja kimezama, na ndiyo maana nyonga haichomoki ovyo. Bega limeuza uimara wake likanunua uhuru wa kuzunguka. Na lile kombe la bega nalo halijafungwa kwenye mbavu kwa mfupa wowote. Kiungo chake pekee na kiwiliwili ni mtulinga, huu mfupa mwembamba wa hapa mbele chini ya shingo. Vingine vyote ni nyama. Kwa hiyo tukisema bega la mrushaji ni imara, tunasema misuli yake inajua zamu zake.

Misuli yenyewe ina majina ya Kilatini ambayo daktari atawaandikia kwenye karatasi mkienda hospitali. Mimi leo nitaitaja kwa mahali inapokaa. Kuna mikubwa miwili: msuli wa kifua, na msuli mpana wa mgongo unaoanzia kiunoni ukapanda hadi kwapani. Kuna deltoidi, ile inayofunika bega na kulipa umbo. Kuna misuli minne midogo iliyolizunguka bega kwa ndani, mmoja juu, mmoja mbele, miwili nyuma, ambayo kazi yake ya kila saa ni kukishikilia kichwa cha mfupa katikati ya kibakuli. Na kuna msuli wa ubavuni, wenye ncha zilizoshika mbavu moja moja, unaolivuta kombe la bega lizunguke mbavuni kila mkono unapopanda. Huo wa mwisho wengi hawajawahi hata kuusikia, na kama ningelazimishwa kuchagua msuli mmoja wa kumtunzia mrushaji, ningeuchagua huo.

Sasa tumtazame mrushaji wa mkono wa kulia. Anakimbia, anaugeuza ubavu, anafanya zile hatua za kupishanisha miguu, mkuki uko nyuma na mkono umenyooka. Mpaka hapo bega halijafanya kitu cha maana zaidi ya kubeba gramu 800. Halafu mguu wa kushoto unakita chini ukiwa umenyooka. Hapo ndipo mrusho unapozaliwa. Mbio zote zile zinagonga mguu uliokataa kukunjika, na kwa kuwa miguu imesimama, kiwiliwili kinatupwa mbele. Kiuno kinazunguka kwanza. Kifua kinachelewa kidogo, kisha kinafuata kwa kasi kubwa kuliko ya kiuno. Mkono unachelewa zaidi ya kifua. Misuli ya mshazari ya tumbo, ile inayotoka mbavuni kwenda nyonga ya upande wa pili, inavutwa ikiwa imekaza, na inapojirudi inakichukua kifua mzimamzima.

Huko kuchelewa ndiko ufundi. Kocha anayemfokea mtoto “haraka, mkono, mkono!” anauharibu mrusho pasipo kujua. Mkono ukiondoka pamoja na kifua hakuna kilichobaki nyuma cha kuvutwa.

Hebu simameni kidogo, mnaoweza. Inueni mkono wa kulia pembeni mpaka usawa wa bega, kiwiko kikunjwe, kiganja kitazame mbele. Vidole vya mkono wa kushoto vishike ukingo wa mbele wa kwapa. Sasa bila kushusha kiwiko, laza mkono wa mbele, yaani ule wa kutoka kiwiko hadi kiganja, kuelekea nyuma, polepole, huku kifua ukikisukuma mbele. Umeusikia ukingo ule ukikaza chini ya vidole? Huo ni msuli wa kifua. Ukishika ukingo wa nyuma wa kwapa utaukuta msuli mpana wa mgongo nao umevutika, kwa sababu ingawa unatoka mgongoni, mwisho wake umejishikiza upande wa mbele wa mfupa wa mkono. Na kati ya hiyo miwili, ndani kabisa, pale vidole visipofika, uko ule mdogo wa mbele. Hiyo mitatu ndiyo hasa inayouzungusha mkono kuelekea mbele, na sasa hivi yote mitatu imevutwa. Kaeni, asanteni.

Nyinyi mmefika labda digrii 90 au 100. Mrushaji wa besiboli wa kulipwa anafika kati ya digrii 165 na 180 katika vipimo vya kamera, yaani mkono wa mbele umelala nyuma karibu usawa wa ardhi. Nawatajia besiboli kwa sababu vipimo vingi vya kuaminika vimetoka huko. Wamarekani wana pesa nyingi katika mchezo ule, na mabega ya wachezaji wao ni mali, kwa hiyo yamepimwa kuliko mabega ya mtu yeyote duniani. Mkuki una tofauti zake, mbio na uzito na namna ya kushika, lakini zamu za misuli hufuatana kwa mpangilio uleule.

Kutoka pale nyuma, mkono unageuka mbele kwa kasi inayopita digrii 7,000 kwa sekunde. Kama mkono ungeweza kuendelea kuzunguka kwa mwendo huo, ungemaliza mizunguko 19 kabla sekunde haijaisha. Bila shaka haukai sekunde. Awamu yote ya kuachia inachukua sehemu tatu hadi tano za mia za sekunde. Kiuno chenyewe, tulichokisifu hivi punde, kinazunguka kwa digrii kama 600 tu kwa sekunde, na kifua kama 1,200. Kila kiungo kinampokea mwenzake kikiwa chepesi kuliko yeye, na kasi inapanda.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi mwerevu lazima aulize. Msuli ukijifupisha haraka, nguvu yake inapungua. Hiyo ni sheria ya msuli wowote, wa kuku au wa mtu. Sasa msuli wa kifua unatoaje nguvu katika kasi ya digrii 7,000? Jibu ni kwamba haujitegemei. Msuli uliokazwa, halafu ukavutwa kwa nguvu za nje, hupinga kwa nguvu kubwa kuliko zile unazoweza kuzitoa ukijifupisha wenyewe. Kifua kilipotangulia mbele na mkono ukabaki nyuma, ile misuli mitatu, pamoja na kano zake na ligamenti za mbele ya bega, ilivutwa kama mpira wa manati, na nguvu za miguu na kiuno zikawekwa humo. Kuachia ni kuachia kweli. Mwaka 2013 Neil Roach na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature utafiti walioufanya kwa warushaji wa vyuoni, wakiwapima kawaida, kisha wakiwafunga vifaa vinavyozuia baadhi ya viungo visizunguke sawasawa. Walionyesha kwamba nguvu inayolizungusha bega ni kubwa mno kuweza kutoka kwa misuli yake peke yake, na kwamba sehemu kubwa yake ni ile iliyowekwa akiba kwenye bega wakati wa kuvutwa nyuma.

Utafiti huohuo ulimgusa jirani yetu sokwe. Sokwe wa Gombe, kule Kigoma, hurusha mawe na matawi wanapotaka kutishana, na mtafiti Jane Goodall aliyaandika hayo zamani. Sokwe dume ana nguvu za mwili za kumshinda yeyote kati yetu humu. Hata hivyo, akirusha, kitu chake hutoka kwa mwendo wa kilomita kama 30 kwa saa, karibu theluthi moja ya mwendo wa mpira wa mtoto wa miaka 12 anayecheza besiboli. Kiuno chake ni kifupi, hakizunguki vya kutosha. Bega lake limeelekea juu, limefaa kupanda, wakati letu limeshuka na kutazama pembeni. Misuli anayo, tena ya kutosha. Asichokuwa nacho ni mahali pa kuvutia. Mimi hulikumbuka jambo hili kila ninapomwona kocha akiwachagua wa kurusha mkuki kwa kuangalia nani ana mikono minene.

Na hao wenye mikono minene, tuwape habari ya traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono, unaonyoosha kiwiko. Kiwiko cha mrushaji hunyooka kwa digrii zaidi ya 2,000 kwa sekunde. Mtu atasema, basi hiyo ndiyo kazi ya traisepsi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 liliripotiwa jaribio ambapo mrushaji alidungwa dawa ya ganzi kwenye neva, traisepsi ikapooza kabisa. Akafanya mazoezi kidogo, akarusha mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya kasi yake ya kawaida. Kiwiko kilinyooshwa na mzunguko wa kifua na bega. Asilimia zilizobaki si haba, katika mashindano ni tofauti ya medali na kurudi nyumbani, lakini ninyi wenyewe mnaona nani bwana na nani mtumishi.

Daktari Frank Jobe na wenzake huko California walikwenda mbali zaidi mapema miaka ya 1980. Walipenyeza nyaya nyembamba ndani ya misuli ya bega la warushaji, wakasoma umeme wa kila mmoja mrusho ukiendelea. Deltoidi ilifanya kazi mapema, kuuinua mkono, kisha ikatulia. Misuli ya kifua, ya mgongo na ule mdogo wa mbele iliwaka katika kuvutwa na kuachia. Msuli wa ubavuni nao ulikuwa kazini, kulipeleka kombe la bega pale mkono unapokwenda, kwa sababu kombe likibaki nyuma kichwa cha mfupa kinatoka katikati ya kibakuli. Baadaye kikundi hichohicho kililinganisha warushaji wa kulipwa na wa ridhaa. Wa ridhaa walikuwa wakikaza karibu kila kitu, hata baisepsi, katika wakati wa kuachia. Wa kulipwa walikaza michache, hasa ule mdogo wa mbele na msuli mpana wa mgongo, mingine ikapumzika. Nimewaona wanariadha wetu wakisaga meno na kukaza shingo wanaporusha. Ni hao wa ridhaa kwenye zile nyaya.

Sasa tufike kwenye nusu ya pili, niliyoijia.

Mkuki umetoka. Mrusho wa mita 90 unahitaji mkuki uondoke kwa zaidi ya mita 30 kila sekunde, na mkono ulioupeleka ulikuwa katika mwendo huohuo. Mkuki umekwenda zake. Mkono umebaki, hauna mzigo, na bado unakimbia. Lazima usimamishwe ndani ya muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa warushaji wa besiboli, nguvu inayotaka kuuchomoa mfupa kutoka kwenye bega wakati huo imekadiriwa kuwa nyutoni 1,000 au kuzidi kidogo, sawa na kuning’inizwa mtu wa kilo 100 kwenye mkono wako. Nani anaushika? Ile miwili midogo ya nyuma ya bega, kila mmoja hauzidi unene wa vidole vyako viwili au vitatu, ikisaidiwa na sehemu ya nyuma ya deltoidi. Nyuma yao, misuli iliyo kati ya makombe ya mabega na sehemu ya chini ya trapezi, ule msuli wa pembe tatu unaotoka shingoni hadi katikati ya mgongo, inalizuia kombe lisikokotwe kuzunguka mbavu. Na hapa baisepsi ndipo inapata kazi yake halali: kukizuia kiwiko kisinyooke kupita mpaka wake.

Pimeni hesabu. Mbele ya bega tuna misuli miwili kati ya mikubwa kuliko yote ya kiwiliwili. Nyuma tuna miwili midogo. Ile mikubwa inapewa zawadi ya nguvu za miguu na kiuno. Ile midogo inaachiwa bili. Ndiyo sababu mrushaji mzuri hausimamishi mkono kwa bega peke yake. Anauacha upite mbele ya mwili, uvuke mpaka goti la upande wa pili, kiwiliwili kikunjame, mguu wa kulia uje mbele, ili mgongo na nyonga na mapaja vichangie. Yego anajitupa chini. Sipendekezi kila mtoto ajitupe chini, viwanja vyetu vingi vina kokoto, na wapo mabingwa waliomaliza wakiwa wima kabisa. Ninachosema ni kwamba kule kuanguka si madoido, mwili mzima unasaidia kulipa ile bili. Mtoto anayekatiza mrusho akiwa amesimama wima kama mlingoti, mkono ukagota ghafla mbele ya kifua, amelibebesha bega deni lote.

Misuli midogo ya nyuma ikichoka, ile kazi yake ya kila saa ya kukishika kichwa cha mfupa katikati inalegea. Kichwa kinapanda juu au kinateleza mbele, kinaubana ule msuli mdogo wa juu chini ya paa la bega. Kano ndefu ya baisepsi, iliyojishikiza kwenye gegedu la ukingo wa juu wa kibakuli, inavutwa mrusho baada ya mrusho hadi inalibandua lile gegedu. Kijana atakwambia, “Mwalimu, bega linaniuma kwa ndani, siwezi kulionyesha kwa kidole.” Huyo msimwambie aende akapashe misuli moto.

Kiwiko nacho kina kisa chake, tena maarufu. Mkono unapokuwa umelala nyuma, upande wa ndani wa kiwiko unataka kufunguka. Kinachouzuia ni ligamenti moja fupi, pamoja na misuli ya ndani ya mkono wa mbele, ile inayokunja vidole na kifundo. Mwaka 1974 ligamenti hiyo ilimkatikia Tommy John, mrushaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, na siku zile hayo yalikuwa maziko ya kazi yako. Yuleyule Frank Jobe wa nyaya akachukua kano kutoka mkono wa pili wa John, akatoboa mifupa ya kiwiko, akaipitisha kano mule badala ya ligamenti. John alirudi uwanjani mwaka 1976 akacheza mpaka 1989. Kati ya ushindi wake 288, ushindi 164 aliupata baada ya kisu. Kano aliyoitumia Jobe mnaweza kuitafuta sasa hivi: gusanisheni kidole gumba na cha mwisho, kisha mkunje kifundo cha mkono kidogo. Ule uzi unaochomoza katikati ya kifundo ndio wenyewe. Wapo humu ambao hauonekani kwa sababu hawakuzaliwa nao, wala hawana hasara yoyote.

Lakini madaktari wenye mikono kama ya Jobe hawapo wengi kwenye wilaya zetu. Sisi tiba yetu lazima iwe kabla.

Watoto kwanza. Mfupa wa mkono wa juu unarefukia karibu na bega, kwenye ukanda wa gegedu ambao haujakomaa mpaka mwishoni mwa ujana. Ukanda huo ni dhaifu kuliko ligamenti zinazouzunguka. Mirusho mingi inausokota, unatanuka, unauma, na tiba yake ni kuacha kurusha, mara nyingi kwa miezi mitatu hivi. Mwili wa mtoto unajua pia kujirekebisha: warushaji walioanza utotoni hukutwa mfupa wa mkono wa kurushia umesokotwa nyuma zaidi ya ule mwingine kwa digrii 10 hadi 20, na huo msokoto huwasaidia kuulaza mkono nyuma bila kuvuta sana ligamenti za mbele. Kwa hiyo siwakatazi watoto kupopoa maembe. Kurusha kidogo kidogo, miaka mingi, kunajenga. Kinachobomoa ni ile desturi yetu ya kumkumbuka mrushaji wiki mbili kabla ya mashindano ya wilaya, akarushishwa mkuki asubuhi na jioni kwa nguvu zote. Wamarekani wameweka ukomo: mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku katika besiboli, na baada ya hapo apumzike siku kadhaa. Mpira wao una gramu zisizofika 150. Mkuki wa wavulana una uzito mara kadhaa ya huo, na sisi hatuhesabu.

Kisha mazoezi. Mwanariadha wetu akipata chumba cha vyuma, analala chali kusukuma kifua mpaka fulana ikaze. Anaijenga misuli ya kuachia, ambayo tumeona si yenye upungufu. Mimi nataka vitu vingine, na havihitaji pesa. Tyubu ya baiskeli iliyochoka, ile ambayo fundi ameshaiwekea viraka mpaka akakata tamaa, ikatwe iwe mkanda mmoja mrefu. Ifungwe kwenye mlingoti wa goli, usawa wa kiwiko. Kijana asimame ubavu, kiwiko kikunjwe na kibanwe mbavuni, akiwa ameweka taulo iliyokunjwa katikati ya kiwiko na mbavu. Avute tyubu nje. Halafu, na hapa ndipo kocha asogee karibu, airudishe polepole huku akihesabu mpaka tatu. Kurudisha ndiko kuliko na faida, kwa sababu misuli ya nyuma uwanjani kazi yake ni kukaza huku inavutwa. Wengi huvuta kwa mbwembwe kisha wanaachia tyubu iwarudishe. Hao wamepoteza muda wao. Wiki chache baadaye afanye vivyo hivyo mkono ukiwa usawa wa bega.

Kwa msuli wa ubavuni, pushapu za kawaida zitatosha mkizimalizia vizuri: mikono ikishanyooka, asukume tena kidogo mpaka mgongo wa juu upande na makombe ya mabega yaachane. Kwa misuli iliyo kati ya makombe, alale kifudifudi kwenye benchi, mikono ikining’inia, aiinue pembeni bila uzito wowote. Akiona ni rahisi, ashike chupa za maji. Na kwa kiuno, mpira mzito urushwe kwa mikono miwili kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukutani, nyonga ikitangulia.

Nimesikia hoja kwamba ufundi wa kurusha kwa juu ya bega ni kanuni ya watu tu, kwamba zipo njia zenye nguvu zaidi. Ni kweli zipo. Mwaka 1956 Wahispania walikuja na mtindo wa kuzunguka kama mrusha kisahani, mkuki ukaenda mbali ajabu na kuelekea pasipotabirika, watazamaji wakawa hatarini, ukapigwa marufuku. Kanuni leo inataka mkuki upite juu ya bega au juu ya mkono wa juu. Basi tuishi na bega.

Niwakumbushe pia mwaka 2016, Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro. Yego alirusha mita 88.24 katika mrusho wake wa kwanza. Kisha kifundo cha mguu kikamsaliti, akatolewa kwa kiti cha magurudumu. Mita zile 88.24 zilimpa medali ya fedha; Thomas Röhler wa Ujerumani alichukua dhahabu kwa mita 90.30. Bega la Yego siku ile halikuwa na tatizo lililomtoa. Mguu haukuweza kukita, na hivyo mkono haukuwa na chochote cha kupokea.

Maombi yangu kwenu, walimu, ni mawili. Msimu huu kila mtoto wa mkuki awe na daftari, mirusho yake ya kila siku iandikwe, na siku bega likiuma kwa ndani mrusho usimame siku hiyohiyo, hata kama mashindano ni kesho. Pili, mazoezi ya kuzuia yapate muda uleule mnaoyapa ya kuachia. Makocha mliokuja na vijana wenu msiondoke. Nimeleta tyubu kumi na mbili, na mlingoti wa goli uko hapo nje.